Mwanamke Aliyeingia Pangoni

Fasihi ya Kiswahili inazijua vyema hadithi za watu waliotwaliwa na nguvu za ghaibu wakarudi na ujumbe. Iliyo maarufu kupita zote ni ile ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wazee wa Rufiji na Umatumbi walisimulia kwamba alizama majini, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, naye akaibuka baadaye hali nguo zake ni kavu. Alikuwa na neno la kuwaambia watu, na neno lile likawa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Ebrahim Hussein akaijengea hadithi hiyo tamthilia, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimeisoma kazi hiyo wakajua kwamba mtu mmoja aliwahi kuzungumza na maji.

Iko hadithi ya pili, inayotoka milima ya Uluguru, ambayo haikupata bahati kama hiyo. Wanawake wawili walikwenda porini. Mmoja wao akatwaliwa na joka kubwa, Kolelo, likamwingiza pangoni na kumfanya mkewe. Mwenziwe akarudi nyumbani na habari. Jamaa walipofuatilia waliambiwa kwamba ukoo wa yule mwanamke ndio utakaolihudumia pango na kupokea maombi ya watu wote. Mmisionari wa Kijerumani, Martin Klamroth, aliyeandika masimulizi ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, aliyapata kwa Wazaramo, kwani nao walikuwa wakisafiri hadi Kolero, kusini ya milima, kupeleka maombi yao kila mvua ilipokatika.

Hadithi hizi mbili ni ndugu wa karibu. Katika zote mtu anaingia mahali ambapo hairudi roho, majini au chini ya mwamba, na watu wa kwao wanapata agizo. Zinakutana hata katika tarehe: mwaka 1905, wakati maji ya Kinjikitile yakigawiwa kusini, jina la Kolelo lilikuwa likitajwa Uzaramo pamoja na agizo la kutowalipa Wajerumani kodi. Tofauti iko mahali pamoja tu. Mwanamume aliibuka akiwa na jina na ujumbe, na fasihi ikampokea kuwa shujaa. Mwanamke aliitwa mke, na fasihi ikamwacha pangoni. Swali linalostahili kuulizwa na wapenzi wa ushairi ni kwa nini, na tumepoteza nini kwa kumwacha humo.

Ili kulijibu yafaa kwanza kujua mwanamke ni nani huko Uluguru. Waluguru huhesabu nasaba kukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita njia hiyo hiyo. Hata cheo cha Kingalu, mleta mvua mashuhuri wa Kinole, hakimwendei mtoto wa Kingalu, humwendea mtoto wa dada yake. Kwa hesabu hii, joka lilipomtwaa mwanamke halikutwaa mtu mmoja. Lilitwaa mlango ambao ukoo mzima ungepitia. Angetwaliwa mwanamume, watoto wake wangekuwa wa ukoo mwingine, na huduma ya pango ingewaponyoka watu wake katika kizazi kimoja. Hadithi inamhitaji mwanamke, tena mwanamke wa nchi inayofuata damu ya mama. Msomaji wa pwani aliyezoea nasaba za kuumeni anaweza kuisoma kama kisa cha msichana aliyetekwa na nyoka, akapitwa na jambo lililo kubwa zaidi: hapa mkataba baina ya watu na mzimu umeandikwa kwa jina la mwanamke.

Taswira za namna hii zimejaa milimani. Jina lenyewe la Matombo, mashariki ya Uluguru, kwa Kiluguru maana yake ni matiti, kwa ajili ya vilima vinavyofanana nayo. Mto Ruvu unashuka kutoka milima hiyo, ukapita nchi ya Wazaramo hadi bahari ya Hindi, na maji yake ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Ni wepesi basi kwa mshairi anayeutazama mlima Lupanga akiwa mjini Morogoro kuufanya mlima kuwa mama, na mto kuwa maziwa. Beti za namna hiyo si haba. Nyingi ni tamu masikioni. Kasoro yake ni kwamba zinauchukua mlima na kuuacha ukoo. Mluguru aliyepaita mahali pale Matombo alikuwa na shamba lililomfikia kwa njia ya mama. Kwake yeye tashibihi ile ilikuwa na hati. Mshairi wa leo anayeisifu ardhi kuwa ni mama, ilhali mama mwenyewe hana hata tuta moja la mihogo kwa jina lake, anatoa shukurani mahali pa haki.

Jambo hili linaonekana kwa uwazi zaidi katika mafunzo ya mwali. Baina ya Waluguru, Wazaramo, Wakwere na Wakaguru kinajulikana kinyago kiitwacho mwana hiti, yaani mtoto wa mti. Ni kipande chembamba cha mti kilichosimama wima. Hakina mikono wala miguu. Kina matiti, kitovu, na kichwani nywele zilizoinuka kwa vishungi viwili. Mwali aliyewekwa ndani alikitunza kama anavyotunzwa mtoto: akakiosha, akakipaka mafuta. James Brain, aliyeuchunguza unyago wa Waluguru katika makala yake ya mwaka 1978, aliona kwamba kuwekwa ndani ni mfano wa kufa, na kutolewa nje ni kuzaliwa upya. Lakini mwana hiti hakukaa chumbani kwa mwali tu. Sura yake ilichongwa pia juu ya fimbo na vyombo vya ngoma, kwenye migongo ya viti vya wakuu, na katika nguzo za makaburi. Mkuu alipokaa kitini, nyuma ya mabega yake palikuwa na umbo la mwanamke. Mzee alipozikwa, umbo lile lile lilisimama juu yake. Ishara iliyoanzia mikononi mwa msichana ndiyo iliyokuwa ikithibitisha utawala wa wakubwa na kuwalinda wafu.

Mtu wa Unguja, Pemba au Lamu hana haja ya kwenda mbali kuielewa elimu hii. Unyago wa visiwani una kungwi wake, somo wake na ngoma zake, na Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, aliujulisha ulimwengu mzima kwamba mwanamke mzee mwenye ngoma ni chuo. Hata katika fasihi andishi, utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa Pate mwaka 1858, ni mafunzo ya mama kwa binti yake yaliyoingia katika wino. Wahakiki wengi wameukamata utenzi ule kwa sehemu yake inayohusu kumtii mume, wakaulaumu au wakausifu kwa hiyo. Wachache wamekaa na sehemu ambayo mama mgonjwa anamgeukia Mola wake na kumwomba kwa kinywa chake mwenyewe, bila ya wakili. Anayemfundisha binti kuomba mlangoni kwa mumewe anaonyesha papo hapo kwamba uko mlango mwingine anaougonga peke yake. Mafunzo ya mlimani na ya pwani yana sura hii mbili: yanamfunga mwanamke kwa adabu, na yanampa mahali pa faragha ambapo hapana mwanamume anayeingia. Uhuru wa roho umekuwa ukiishi mahali pale, pembeni ya utii.

Ndipo inapofaa kumtazama mwandishi aliyetoka katika mkoa huo wa Morogoro, Penina Muhando, aliyezaliwa Berega, katika nchi ya Wakaguru, mwaka 1948. Wakaguru nao hufuata ukoo wa mama. Penina alizijua sanaa za jadi za kwao kwa undani: mwaka 1981 aliandika makala kuhusu Digubi, sanaa ya maonyesho ya Wakaguru, na tasnifu yake ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu sanaa za Wakaguru kuwa ni asasi ya mafunzo. Katikati ya kazi hizo alitoa tamthilia ya Nguzo Mama, mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanatakiwa kuisimamisha nguzo. Bi Msimulizi anatuongoza, na mmoja baada ya mwingine wanawake wale wanavutwa na masaibu ya kwao: ulevi wa mume, ufukara, mali kunyang'anywa mara baada ya kufiwa. Mchezo unakwisha na nguzo haijasimama.

Tamthilia hiyo imesomwa aghalabu kama lawama kwa wanawake wasioweza kuungana. Usomaji huo ni wa haraka. Penina aliitazama sifa inayopendwa mno na wanasiasa na watunzi, ya kwamba mwanamke ni nguzo ya jamii, akaichukua kwa uzito wake wa mti. Nguzo kazi yake ni kubeba. Haiulizwi kama imechoka, haimiliki nyumba inayoishikilia, na haina pa kwenda. Mwandishi aliyekulia karibu na utamaduni wa mwana hiti alijua tofauti ya umbo la mti linalotunzwa na kupakwa mafuta na lile linalotwishwa paa. Yote mawili ni miti iliyosimama kwa jina la mwanamke. La kwanza lina ukoo nyuma yake. La pili lina hotuba tu. Kwa hiyo kushindwa kwa nguzo ya Patata si aibu ya wanawake. Ni hukumu juu ya sifa isiyo na shamba.

Historia ya Morogoro ina taswira nyingine ambayo watunzi wameitumia kidogo kuliko inavyostahili. Mji ule ulijengwa ngome na Kisabengo katikati ya karne ya 19, na baada yake ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene. Katika jina hilo mna simba, na mna mwene, yaani mtawala. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta mji una ukuta wa mawe na minara, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata aliuita kwa jina la mwanamke huyo. Aliporudi pwani mwaka 1872, mafuriko yalikwisha kuuharibu sehemu kubwa. Habari zake Simbamwene zimetufikia kwa kalamu ya mgeni aliyeudhiwa na madai yake ya hongo. Kwa mgeni yule kilikuwa kiburi. Kwa mtawala aliyelinda njia ya misafara ilikuwa ni ushuru. Hapa pana somo kwa mhakiki: mwanamke akiwa mama husifiwa, akiwa mke wa joka husahauliwa, na akidai kodi hulaumiwa.

Lakini itakuwa ni kosa kumpamba mwanamke wa Uluguru kwa uhuru ambao hakuwa nao. Nasaba ya kukeni si utawala wa wanawake. Mwenye sauti juu ya ardhi na ndoa amekuwa ni mjomba, na Kingalu arithiye kwa njia ya dada ni mwanamume. Damu ilipita kwa mwanamke, fimbo ikashikwa na kaka yake. Hata kule kuwekwa ndani kwa mwali, zamani kukichukua muda mrefu, kulikuwa na gharama ambayo watunzi wenye hamu ya asili huifumbia macho. Msichana wa leo aliyefungiwa anakosa shule, na akitolewa mapema anakabidhiwa mume kabla hajajijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa kufika 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwezi wa Oktoba 2019. Aliyekuwa akitetewa mahakamani ni mwali yule yule. Mshairi anayemsifu mwali kwa ngoma na shanga, akanyamaza juu ya umri wake, ameandika nusu ya shairi.

Kwa hiyo njia imekuwa nyembamba. Upande mmoja kuna sifa tupu, na upande wa pili kuna dharau ya msomi anayeona kila la jadi ni minyororo. Hadithi ya pango inaweza kututoa hapo, kwani yenyewe haisemi kama mwanamke yule alitekwa au aliteuliwa. Neno mke linabeba yote mawili. Pwani tunayo lugha ya jambo hili: mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Kiti hukaliwa, hakichagui anayekikalia. Na bado kila aliyehudhuria ngoma ya pepo anajua kwamba mwanamke aliye kiti husema siku ile maneno ambayo siku nyingine asingeyathubutu, na mumewe huketi akasikiliza. Utiifu kwa aliye juu zaidi umekuwa ni njia ya kutomtii aliye karibu.

Mambo haya si ya Uluguru pekee. Kusini ya Malawi, katika bonde la Shire, madhabahu ya mvua ya Mbona huko Khulubvi yalikuwa na mwanamke aliyeitwa Salima, mke wa mzimu, na cheo chake kilihesabiwa kuwa sehemu ya ibada yenyewe. Pwani ya Kenya, Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama, aliwakusanya watu mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu na kwa kiapo wakatae kazi na kodi ya Waingereza. Alikamatwa akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka na kurejea kwao kwa miguu. Hakusubiri kuitwa nguzo ya mtu. Alishika ngoma na kiapo, vitu viwili ambavyo desturi yake ilikuwa tayari imeviweka ndani ya uwezo wa mwanamke, akavipeleka mahali ambapo wazee hawakutarajia. Hivyo ndivyo taswira kongwe inavyogeuka kuwa uhuru: mwanamke anaikuta imetengenezwa, anaingia ndani yake, anaisukuma mpaka inapanuka.

Washairi wetu wana kazi hapo. Anayetaka kuandika juu ya mwanamke wa Uluguru na ajiulize mambo matatu kabla hajapanga vina. Je, mwanamke huyu ana nini mkononi, zaidi ya mzigo? Nani anayesema naye katika shairi, ni mume, ni mtoto, ni Mungu wake, au ni mtunzi peke yake anayemsemea? Na je, shairi lingebaki na maana kama mwanamke huyo angekataa sifa anazopewa? Shairi litakalopita katika maswali haya yumkini halitakuwa na milima mingi wala maziwa mengi, lakini litakuwa na mtu ndani yake.

Hussein alifanya hivyo kwa Kinjikitile. Katika dibaji yake alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si mtu yule wa historia, na kwa uhuru huo akampa shaka. Kinachotukaa moyoni katika tamthilia ile ni shaka yake juu ya neno alilopewa, zaidi ya ule muujiza wa nguo kavu. Mwanamke wa Kolelo hajapewa shaka. Hajapewa hofu, wala hasira, wala ile fahari ya kujua kwamba watu watapanda milima kwa miguu kuja mlangoni kwake wakati nchi imekauka. Mambo hayo yote yamo ndani ya hadithi, yamekaa kimya, yanamsubiri atakayeyaandika bila ya kumfanya mwanamke yule kuwa malaika au mateka.

Na anayeitafuta sauti ya kuanzia anayo tayari. Wanawake walikuwa wawili. Mmoja aliingia pangoni. Wa pili alirudi mbio nyumbani akasema alichokiona, pengine mbele ya wajomba waliomkunjia uso. Hapana aliyelihifadhi jina lake, na hapana aliyemwuliza kama alikuwa na wivu au na furaha ya kuokoka. Lakini kila mzee aliyewahi kuisimulia hadithi ya Kolelo, na kila aliyeiandika, aliipata kutoka kwa mwanamke huyo. Utenzi wa pango ukitungwa siku moja, inafaa uanze na mbio zake.